Sheria ya udongo imepita miaka 50, na sisi tungali tunalala na karatasi chini ya mto



Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi, jeep moja ya polisi ilifika katika avenyu moja ya juu ya mji. Nyuma yake walifuata vijana wenye nyundo na mitalimbo, wamelipwa kwa siku. Familia saba zilikuwa hata hazijawasha moto. Wisie wa tribinali akasoma karatasi yake kwa Kifaransa, upesi upesi, na watu wengi pale hawakusikia kitu. Walielewa tu wakati bati la kwanza lilianza kutoka.

Sisi tulifika karibu saa mbili, kwa kuwa mmoja wetu anakaa avenyu ya pili. Nyumba mbili za mbao zilikuwa tayari chini. Mama mmoja alikuwa ameshika mlango wake, mlango peke yake, bila nyumba, na kijana mwenye nyundo alikuwa anamuomba auachie. Mama akamwambia: «Huu muache, njo kwanza nimemaliza kuulipa.» Yule kijana akamuachia. Tulimtambua. Alisoma nasi shule ya sekondari.

Tukaomba kusoma ile karatasi. Hakuna sheria inayokataza raia kusoma hukumu ambayo inabomoa nyumba yake. Kati ya zile familia saba, hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake katika hukumu. Kesi ilikuwa kati ya watoto wawili wa mzee mmoja ambaye zamani alikuwa na shamba pale. Wale familia walinunua vipande kwa mtoto mmoja, kila mtu kwa wakati wake, mwingine 2011, mwingine 2016. Mtoto wa pili alienda tribinali, akashinda, na wanunuzi hawakuitwa hata siku moja. Tuliita avoka kijana ambaye hutusaidia bila malipo. Saa tano wisie akakubali kusimamisha kazi hadi aulize wakubwa wake. Nyumba tano zingali zimesimama. Mbili hapana.

Tunaandika leo juu ya zile tano, lakini pia juu ya kitu kingine. Tarehe 20 Julai 2023, sheria ya udongo ya inchi yetu, ile namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ilitimiza miaka 50. Hatukusikia mkubwa yeyote akisema neno. Sisi tunasema.

Tuanze na jambo ambalo karibu kila mtu anakosea, na sisi pia tulikuwa tunakosea mbele ya kusoma. Tunasema: «Nimenunua udongo.» Kwa sheria, hakuna raia anayenunua udongo Congo. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa sababu ya miaka. Njia hiyo ilianza na sheria ya Bakajika ya 1966, wakati inchi ilitaka kurudisha mikononi mwake udongo ambao wakoloni waligawia makampuni. Nia ilikuwa nzuri. Lakini kwa raia matokeo ni haya: kile unachoweza kuwa nacho ni konsesio, yaani haki ya kutumia. Kama uko Mukongomani, unaweza kupewa konsesio ya daima. Kama uko mgeni ao kampuni, unapata ile ya kawaida, ya miaka 25, inayoweza kurudishwa upya. Nyumba ni yako. Chini ya nyumba ni Leta.

Na hiyo haki haionekani kwa sheria mpaka iandikwe. Karatasi inayoiandika ni moja tu, ile sertifika ya konsevateri wa vyeo vya udongo. Kifungu cha 219 kinasema wazi. Sasa tuulizane: katika avenyu yako, ni watu wangapi wako na sertifika? Kila Jumamosi tunakaa na watu, tunasoma makaratasi yao. Tunaona akte ya kuuzishiana iliyosainiwa mbele ya shefu wa avenyu na mashahidi watatu. Tunaona fishi ya parseli ya komini. Tunaona risiti ya mbuzi na kreti za bia ambazo mtu alipelekea shefu wa kimila. Tuliona siku moja karatasi ya dafutari, imekunjwa mara nane, na kidole cha wino cha mzee ambaye amekwisha kufa. Yule baba aliyetuonyesha alikuwa anailinda katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya ubatizo.

Tusidharau hizo karatasi. Zinaonyesha kwamba ulilipa, ulilipa nani, siku gani, mbele ya nani. Mbele ya juje zinasaidia. Lakini siku mtu mwingine anafika na sertifika ya parseli ile ile, yako inakuwa nyepesi sana. Na wezi wa udongo wanajua. Kwa hiyo mwizi mwenye akili haji na panga. Anaenda ofisini.

Hapa tunaomba musome polepole, kwa sababu kitu hiki kimeharibu familia nyingi. Kifungu cha 227 kinasema sertifika inaaminika kabisa, na haki iliyoandikwa ndani haishambuliwi. Lakini kinaacha mlango mmoja mdogo. Kama ulinyang'anywa kwa ujanja ao kwa kosa, unaweza kuomba urudishiwe, kwa masharti mawili: uende tribinali ndani ya miaka 2, na parseli iwe ingali mikononi mwa yule aliyeichukua. Kama ameisha kuipitisha kwa mwingine, ao kama miaka imepita, unabaki na kuomba malipo tu. Nyumba imeenda. Ni kwa sababu hiyo mtu anayetengeneza sertifika ya uongo anakaa kimya. Hakufukuzi. Anakuacha upande mboga, anakuacha ujenge choo kipya, anakusalimia barabarani. Anangojea. Miaka miwili kisha anaonekana na karatasi, ao anauzisha upesi kwa mtu ambaye hajui kitu, na huyo mtu ndiye anayekuja na polisi.

Na sisi tuko na deni katika mambo haya, tuliseme. Mwaka 2020 familia moja ilitujia na kesi ya namna hiyo. Tulikuwa na moto wa harakati, tukawaambia wasimame imara, tukafanya sit-in mbele ya ofisi, tukaandika mabango mazuri. Hakuna aliyewaza kufungua sheria na kuhesabu siku. Tulipiga kelele miezi mitano, na katikati ya hiyo miezi ile miaka 2 ikamalizika. Avoka aliyeona dosie nyuma alituuliza tu: «Mulikuwa wapi?» Tulikuwa barabarani. Ile familia sasa inapanga chumba kimoja Ndosho. Hatujawaomba samahani vya kutosha.

Kwa hiyo, mama, baba, ndugu: usingojee kesi. Nenda leo kwa konsevateri na kwa kadastri, uulize parseli yako imeandikwa kwa jina la nani. Andika ombi, acha kopi yenye muhuri. Watakuambia urudi kesho, kisha wiki ijayo, kisha utasikia neno «transpo». Urudi. Uende na jirani. Mtu mmoja wanamzungusha, watu kumi wa avenyu moja wanaona haya kuwazungusha.

Kuna wanaotuuliza: na sisi wa Nyiragongo, sisi wa Bukumu, ambao udongo wetu ni wa mababu? Jibu la sheria ni la kusikitisha. Mwaka 1973 waliandika kwamba udongo unaokaliwa na jamaa za vijiji umekuwa udongo wa Leta, na kwamba haki za wale wakaaji zitapangwa na ordonansi ya rais. Ni kifungu cha 389. Ile ordonansi haijatoka. Zaidi ya miaka 50. Mobutu alienda bila kuisaini, Kabila baba vile, Kabila mtoto vile, na huyu tuliye naye tunamngojea. Tume ya taifa ya kurekebisha mambo ya udongo iliundwa 2013, ina ofisi, ina semina na picha za semina. Mkulima wa Kibati hana hata mstari mmoja unaosema shamba la baba yake ni la nani.

Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema Leta inalinda mali ya mtu iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Neno «desturi» liko pale, tulisomee watu kila mahali. Na kwa mashamba ya vijiji, sheria ya 1973 yenyewe inaomba uchunguzi mbele ya kupana konsesio: wapime, waangalie nani analima pale, wasikilize kila anayedai. Kama mtu wa mjini amepata sertifika ya hekta nyingi juu ya mashamba yenu na hakuna aliyekuja kuwauliza, basi mujue kulikuwa na hatua iliyorukwa. Hiyo ni silaha. Lakini ni silaha ya tribinali, haina kazi kama inabaki katika malalamiko ya jioni.

Tena mji unapanda. Kila mwaka Goma inakula kipande cha Nyiragongo, na pale mpaka haueleweki kuna shefu wa kartie upande huu na shefu wa kimila upande ule, wote wawili wanasaini. Parseli moja, wauzishaji wawili, wanunuzi wanne. Volkano nayo iliongeza yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu waliporudi mawe ya mpaka yalikuwa chini ya mwamba. Tarehe 22 Mei 2021 ikafika Buhene. Mtu alijua nyumba yake kwa mti wa avoka na kwa kona ya jirani. Avoka hakuna, kona hakuna, jirani amehamia Sake. Tuseme wazi, kwa sababu swali hili linarudi kila Jumamosi: lava haifuti haki yako. Kama ulikuwa na karatasi mbele ya moto, ungali nayo. Kazi ya kupima upya mipaka ni ya kadastri. Mwenye nguvu za kubeba mawe hana ruhusa ya kujipimia.

Na wale waliokimbia vita, waliolala Kanyaruchinya na Bulengo chini ya hema? Mashamba yao ya Rutshuru na Masisi leo yanalimwa na nani? Mtu aliyekimbia usiku na watoto hakubeba akte. Shefu aliyesaini naye amekimbia. Vita hii ikimalizika, vita ya mipaka ya mashamba itaanza siku ile ile, na hatuoni mtu yeyote serikalini anayeandika nani alikuwa analima wapi na jirani zake ni nani. Ni kazi ya dafutari na kalamu. Vijana wenye diploma na bila kazi tuko wengi, tungeifanya kwa bei ya chakula.

Tuongee upesi juu ya wajane, ingawa jambo lingestahili siku yake yenyewe. Mume akifa, ndugu zake wanakuja kulilia maiti mchana, usiku wanauliza funguo. Kodi ya familia, ya 1987 na ile iliyorekebishwa 2016, haisemi vile. Watoto wa marehemu, wasichana sawa na wavulana, na wale waliozaliwa inje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua, wako na robo tatu za urizi. Robo inayobaki ndiyo mjane anagawana na wazazi na ndugu za marehemu. Na mjane ana haki ya kubaki katika nyumba ambamo alikaa na mume wake. Baba mdogo anayeuzisha ile nyumba peke yake anauzisha kitu kisicho chake, hata kama ameita shefu na mashahidi kumi. Na wewe unayenunua kwa bei ndogo kwa sababu «familia iko na haraka», unanunua kesi. Uliza mjane yuko wapi. Uliza saini ya watoto wakubwa. Kama muuzishaji yuko hai na ameoa, uliza saini ya bibi yake, maana sheria inaomba wakubaliane wote wawili.

Wapangaji pia wanatuuliza, hasa tangu vita ilileta watu wengi mjini na bei ya nyumba ikapanda, yote kwa dola. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kulala haipite miezi 3. Wenye nyumba wengi wanaomba sita, na komisioneri juu yake. Tunajua mpangaji akitaja sheria ataambiwa atafute nyumba ya sheria. Lakini omba kontra ya maandishi na risiti. Siku ya kutoka ndiyo utaona faida.

Neno moja kwa polisi na kwa parke. Ugomvi wa nani ni mwenye parseli si kazi ya OPJ. Kama parseli iko na sertifika, juje wake ni wa tribinali kubwa. Kama ni udongo wa kimila, ni tribinali ya amani, tangu sheria ya 2013. Mtu akiitwa kwa parke kwa «kuvamia udongo» na anafungwa siku tatu mpaka asaini kwamba anatoka, ile saini ni ya kulazimishwa. Wakati utawala wa kijeshi ulianza hapa kwetu tarehe 6 Mei 2021, tuliona watu wanatafuta koloneli wa kuwaamulia mpaka wa mabati. Koloneli alikuwa na kazi nyingine, na kila mtu alijua ilikuwa upande gani wa mji.

Kwa zile familia tano, hiki ndicho tulichofanya. Yeyote ambaye hakuitwa katika kesi na hukumu inamgusa, anaweza kuishambulia kama mtu wa tatu. Avoka aliandika ombi, lilipokelewa, na ameomba juje asimamishe kubomoa mpaka wasikilizwe. Jibu halijafika. Yule aliyekuwa katika kesi na ameshindwa ana siku 30 za kukata rufani tangu alipoletewa hukumu. Nyuma ya hapo asitutafute usiku. Tungetaka pia mtoto wa mzee aliyewauzishia afike. Alikula feza za watu saba, na siku ile ya nyundo simu yake ilikuwa imezimwa.

Tusijifiche kuhusu vijana wenzetu. Makomisioneri wengi ni sisi. Ni watu tuliosoma nao sheria, uchumi, jeografia, walioomba kazi miaka mitatu bila jibu, na wakaona kwamba kuonyesha parseli moja kwa wateja watatu kunalipa kuliko diploma. Wengine wao walikuwa katika mikutano yetu. Tunaelewa njaa yao kwa sababu ni yetu pia. Lakini kijana anayeuzisha parseli moja mara mbili anajua vizuri kwamba moja ya zile familia itaamshwa na jeep, na hatutamtetea atakaposhikwa.

Kwa wakubwa tunaomba mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja Kinshasa. Kila komini ibandike mlangoni orodha ya parseli ambazo zinaombewa sertifika, siku thelathini mbele ya kusainiwa, ili jirani aone na aseme. Mpimaji asifunge dosie bila saini za majirani wa pande zote nne. Bei rasmi ya kila karatasi iandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Na kabla wisie hajaondoka na jeep, mtu wa tribinali apite siku moja mbele kuuliza nani anakaa ndani. Kwa Kinshasa tunaomba kitu kimoja, ile ordonansi ya kifungu cha 389.

Tunarudi kwa konsevateri Jumatatu, saa mbili na nusu, pamoja na wakaaji wa ile avenyu. Anayetaka kujua jina lililoandikwa juu ya parseli yake aje tuingie pamoja, bila kelele na bila mawe. Na Jumamosi tutakaa tena mahali petu pa kawaida, kuanzia saa tatu, tutasoma makaratasi ya kila atakayekuja, bila malipo. Mulete fotokopi. Original ibaki nyumbani, na musimwachie mtu yeyote, hata sisi.